Besi Niliyoifua

Jumapili, 7 Desemba

Nimeshinda! Wamesafisha stoo ya kanisa, na baada ya ibada ukapigwa mnada. Viti vibovu, karabai, na chombo kimoja kikubwa kama jeneza lenye kiuno. Tumbo limepasuka, shingo imelegea, waya hata mmoja hakuna. Mzee wa mnada akasema ni besi ya kusimama, zeze kubwa la sauti nene, iliachwa na mmishonari wa zamani, ilikuwa inapigwa na kwaya. Watu wakacheka.

Elisifa jirani yangu, Mama Godbless, akanyoosha mkono. Jogoo! Kumbe anataka kuni za Krismasi. Mimi nikasema jogoo na mkungu wa ndizi. Akaongeza sungura. Nikaongeza mkungu wa pili. Akashusha mkono. Haleluya!

Baba Jesse akauliza tumenunua nini. Nikamwambia tumenunua Krismasi. Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Hajaelewa. Jesse wetu anapiga besi kwenye bendi huko Dar. Krismasi ya tatu sasa hajapanda mlimani kuja nyumbani. Wachagga wote wanapanda, hata wa Mbeya, hata wenye madeni, mimi nimekaa natazama barabara. Na Godbless wa Elisifa anakuja kila mwaka, anaegesha gari kwenye masale, mimea ya mpaka wetu. Makusudi!

Daftari hili ni la Jesse la darasa la saba. Yeye ndiye aliyeniambia niandike yanayonijia kichwani, badala ya kumpigia simu mara tisa kwa siku. Naandika. Simu zimebaki sita.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemtumia Jesse picha. Amepiga simu mwenyewe! Hata sikuwa nimeomba. Akauliza kama mbao ni nzima au zimeliwa na wadudu. Zikiwa zimeliwa, akasema, ni kuni, hana sababu ya kuja. Zikiwa nzima, inafaa kutengenezwa, na atapanda kuja kuitengeneza mwenyewe. Halafu akasema mara tatu: Mama, usiguse kitu.

Sijagusa. Nimefuta vumbi tu.

Nimemwita Thadeus, fundi wa vitanda na majeneza, aangalie mbao. Akaigonga. Akainusa. Akaweka sikio. Akasema anaona stuli mbili na kiota cha kuku. Nikamwuliza kuhusu wadudu. Akasema atajuaje, uchafu wa miaka sitini umefunika kila kitu, mpaka isafishwe.

Sawa. Fundi amesema.

Elisifa akachungulia juu ya masale akauliza maiti inazikwa lini, ili alete sukari.

Jumatano, 10 Desemba

Leo nimeifua.

Ndoo tatu za maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya sufuria. Imetoa maji meusi kama kahawa. Nikaisuuza vizuri, na ndani pia, nikaianika kwenye kichanja cha kahawa, juani. Ikang'aa! Nikasimama nikaitazama, nikaona Jesse anashuka kwenye basi na begi lake.

Saa nane mchana besi ikalia. Ka! Kaka! Mgongo ukaachana na mbavu. Tumbo likateleza. Shingo ikashuka taratibu, kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri, ikaanguka kwenye ndoo.

Vipande kumi na saba. Na kijiti kimoja, urefu wa mwiko, ambacho sijui hata kilikuwa kinakaa wapi.

Nimelia. Baba Jesse akanishika bega, akasema labda sasa wadudu wataonekana vizuri. Ni mtu mwema, lakini!

Jesse ameandika: Mama, umegusa? Nimemjibu: Bwana asifiwe.

Jumamosi, 13 Desemba

Anataka picha nyingine. Nimefikiri tangu alfajiri. Nikasimamisha vipande kwenye mgomba, nikavifunga kwa kamba za migomba, na kufunika kamba nikaivisha kanga hadi shingoni. Kwa mbali, safi kabisa! Mwanamke mnene wa heshima. Nikapiga nikiwa barabarani.

Jesse akauliza kwa nini imevaa kanga.

Nikasema baridi.

Akasema Desemba, Mama? Nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Jumatatu, 15 Desemba

Elisifa! Alinipiga picha ile Jumatano! Mimi nalia, vipande kichanjani, shingo ndooni. Leo ameituma kwenye kundi la simu la kitongoji, na maneno: Mama Jesse anakausha kahawa ya kizungu. Jesse yumo kwenye kundi. Godbless yumo. Mchungaji yumo, ameweka uso unaocheka!

Nimempigia Jesse. Haipokelewi. Mara tisa. Mara kumi na mbili.

Elisifa amekuja kuomba vipande viwili vya kuchemshia pombe ya mbege, eti maadam havina kazi. Nimemfukuza na mwiko. Lakini nikavitazama. Ningevichoma, nani angenilaumu? Nimeviingiza ndani, nikavilaza kitandani kwa Jesse, nikavifunika blanketi.

Jumanne, 23 Desemba

Amekuja!

Nimeona basi limesimama, nikakimbia kukata jani la isale. Kwetu ukipeleka isale kuomba msamaha, hata adui wa damu hakatai. Mama kumpelekea mwanawe, sijawahi kusikia. Nikalishika kwa mikono miwili katikati ya barabara. Jesse akaweka chini begi, akaniuliza Mama unafanya nini. Nikasema pokea kwanza.

Akapokea. Akalibeba mpaka nyumbani. Akapiga magoti kitandani kwake, akageuza ubao mmoja mmoja, akanusa, akapitisha kidole ukingoni. Mimi mlangoni, nimeshika fremu. Elisifa dirishani, hata aibu hana.

Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema hakuna ubao uliooza. Mdudu hata mmoja hakuna! Gundi ya zamani ndiyo ilikuwa imekufa, ikayeyuka kwa maji ya moto, na fundi yeyote angelazimika kuifungua yote, ingawa si kwa sabuni ya unga. Akasema inafaa, Mama. Inafaa sana.

Nikamgeukia Elisifa dirishani. Nikasema nilijua tangu mwanzo.

Ijumaa, 26 Desemba

Krismasi imekuwa tamu. Kiburu cha ndizi na maharage, nyama, Jesse anagundisha sebuleni, Godbless mwenyewe kaja kumshikia mbao. Gari lake halikutazamwa na mtu.

Lakini jana mezani Jesse akasema kazi ni wiki mbili, kisha anarudi Dar. Wiki mbili!

Leo ameuliza kama nimeona kijiti. Urefu wa mwiko. Anasema kinasimama ndani, kati ya tumbo na mgongo, na bila hicho besi haina sauti. Kisipopatikana itabidi achonge kingine, atafute mti sahihi, aukaushe kwanza, na hiyo ni miezi.

Nikasema masikini, kimeenda wapi.

Wote wanakitafuta. Baba Jesse yuko kwenye boma la ng'ombe, anapekua majani. Hata Elisifa anainama chini ya migomba yetu, na mgongo unamuuma.

Kiko kwenye debe la unga. Na pembeni yake nimeweka isale jingine la msamaha, bichi, nimekata asubuhi. Halinyauki upesi. Linafika Pasaka.