Brashi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe kaenda kumtembelea shemeji yangu mkubwa. Atarudi Jumamosi. Kaniachia duka lote la kunyolea! Kaniomba jambo moja tu: brashi yake ya povu nisiiguse, ni zawadi ya marehemu mama mkwe.

Ila brashi ikilowa inanuka. Mashine, kinyozi wa ng'ambo ya barabara (wembe hana, kila kitu chake ni cha umeme), huwaambia wateja inanuka beberu. Nilishamjibu mbele za watu kwamba ni manyoya ya nyegere wa nchi za baridi, autazame vizuri ule mkanda mweusi katikati.

Nimepata wazo. Nitaichemsha. Mzee akirudi ataikuta inang'aa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeichemsha. Maji yakawa meusi tii. Uchafu wa miaka! Nikajipongeza. Kisha nikainua mpini. Mtupu. Gundi imeyeyuka, manyoya yanaelea.

Nimekaa chini. Mzee kanipa binti yake, kanipa kazi, kanipa kiti cha pili dukani, na mimi nimeitia sufuriani kumbukumbu ya mkewe. Nimelia kidogo. Kisha nimemwaga kila kitu uani, kuficha ushahidi. Mke wangu kauliza sufuria yake ilikuwa na nini. Nimesema chai.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwendea muuza vifaa vya vinyozi. Nikajifanya nauliza tu: hivi manyoya ya brashi hutoka kwa mnyama gani? Kumbe wako wengi. Nyegere wa kule kwenye baridi ndiye mfalme, manyoya yake hunywa maji vizuri. Ya nguruwe ni magumu mwanzoni, hulainika kwa kutumika. Ya farasi hukatwa mkiani na shingoni, mnyama akaendelea na shughuli zake. Wengine hutumia mbuzi, kasema, huku kakunja pua.

Ya nyegere hana. Farasi simjui hata mmoja. Lakini muuza maji ana punda, na punda na farasi ni ndugu.

Alhamisi, 6 Juni
Punda hautambui undugu huo. Paja langu la kushoto limevimba. Mwenye punda kauliza nilikuwa natafuta nini huko nyuma. Nimesema nilikuwa napita.

Mashine alikuwa mlangoni pake, kaona yote. Kaniletea kiti. Nimekikalia kwa sababu kusimama kulinishinda, lakini sikumshukuru.

Ijumaa, 7 Juni
Mbuzi wa jirani. Nimemkuna shingo, nikamkata manyoya ya mgongoni, katulia kama mteja mstaarabu. Nimeyafunga kwa uzi, nikatia gundi, nikachora mkanda kwa rangi nyeusi ya viatu. Ncha zilikuwa zimepishana, nikazisawazisha kwa mkasi. Mimi ni fundi jamani! Mke wangu kaitazama brashi, kanitazama mimi, kaenda zake jikoni.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee karudi. Hata koti hajavua, kasema nimnyoe. Mimi! Hajawahi kunikabidhi kidevu chake. Nikampaka povu. Kashtuka, kasema inachoma kama ufagio. Akaichukua, akainusa. Nikaona yamenifika shingoni, nikasema yote, hadi ya punda.

Kauliza kama mkanda ule ni rangi ya viatu. Nikakubali. Akaanza kucheka, povu likamdondokea kifuani, kisha nikaona anafuta macho.

Kasema mwaka wa pili wa ndoa yao marehemu naye aliichemsha. Nyegere akaishia hapo. Mama akafunga manyoya ya mbuzi kwa siri, akapaka rangi ya viatu, akairudisha kimya kimya. Wateja wa kwanza walitoka na mistari kidevuni, mzee akawaambia ni dawa. Mzee alijua, lakini hakumwambia mkewe hata siku moja. Kasema kila akiishika ile brashi, mama alikuwa akimtazama kwa furaha, sasa angeanzia wapi?

Kasema nimekosea kitu kimoja tu. Unyoya hukatwa shinani. Ncha huachwa ilivyoota kwa mnyama, ndipo ulipo ulaini. Marehemu hakugusa ncha.

Nikakumbuka manyoya niliyomwaga, yale aliyoyafunga yeye kwa mikono yake. Mke wangu akaingia na leso. Aliyaokota uani siku ile ile, akayasuuza, akayaanika. Kasema hajawahi kuona chai yenye manyoya.

Tumeyafunga upya, ncha juu. Vidole vya mzee vinatetemeka siku hizi, kwa hiyo mimi nilishika uzi na yeye akapanga. Tulipomaliza kaniambia nimwite baba, hilo la mkwe niliache.

Kwa hiyo Mashine alisema kweli kuhusu beberu. Hatajua kamwe.

Jumapili, 9 Juni
Baba kasinzia kitini, brashi mkononi. Nampenda sana mzee huyu. Nataka kumfanyia jambo jema, bila kumwambia.

Nimeona ukanda wake wa ngozi, ule wa kunolea wembe. Huo nao alipewa na marehemu. Umekauka, unakatika-katika pembeni. Nadhani ukichemshwa kidogo utalainika.

Mke wangu kaficha sufuria. Nitatumia birika.