Klachi ya Mama Mbugua

Jumatatu, 2 Juni

Mzee Ndegwa, dereva wa hapa shambani, amestaafu na kuhamia kwa mwanawe, huko Kihoto. Kiti chake kiko wazi. Kiti! Kina mto, kina pa kuegemea. Mimi nimebeba magunia hapa Rongai mpaka mgongo umepinda kama mpini wa jembe kuukuu. Leseni ninayo. Iko chini ya godoro, inangoja.

Asubuhi pikapu ikagoma. Unakanyaga klachi, pedali inazama hadi sakafuni na kulala huko kama chura aliyepondwa. Gia haziingii. Mama Mbugua, mwenye shamba, akaja na gambuti zake, akaizunguka pikapu. Kisha akasema amechoka na mafundi wa mjini, kila mmoja anagundua ugonjwa mpya. Jumamosi anapeleka ruracio, yaani mahari, kule Bahati, kwa kina Tabby, msichana anayeolewa na mwanawe Mbugua. Hawezi kwenda kwa wakwe na mbuzi juu ya pikipiki. Atakayeitengeneza hapa nyumbani ndiye atakayeiendesha, Jumamosi na siku zote.

Nilijitokeza kabla hajamaliza. Klachi naijua. Niliwahi kufanya kazi gereji moja Nakuru. Nilikuwa nabeba gia boksi, lakini ukibeba kitu unakijua.

Kipkirui mkamuaji naye akajitokeza. Huyu hajawahi kubeba hata nati. Anatazama video kwenye simu.

Jumanne, 3 Juni

Kipkirui alifungua boneti, akanionyesha kikopo kidogo cha mafuta ya klachi. Kikavu. Akasema tutafute kwanza yanakovujia. Nikamwambia mwenye njaa haulizwi chakula cha jana kilienda wapi. Anapakuliwa.

Akasema basi tununue mafuta ya breki. Nilicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Mafuta ya breki kwenye klachi! Klachi iko kushoto, breki iko katikati. Nilimwonyesha kwa kidole. Akafunga boneti. Nadhani aliona haya.

Niliishia darasa la sita, lakini kusoma najua. Kijitabu cha gari kinasema klachi hii ni HYDRAULIC. Stoo kuna mtungi wa trekta umeandikwa HYDRAULIC, herufi kubwa kama mbuzi. Haidroliki kwa haidroliki. Nikangoja Kipkirui aende kukamua, nikamimina. Gari lilikuwa na kiu. Nikimimina yanashuka, nikimimina yanashuka, mpaka mtungi ukaisha. Lakini pedali ikainuka kidogo, kama mgonjwa anayeomba uji.

Nilimpigia mke wangu Namalwa, kule nyumbani Bumula, nikamwambia mimi ni dereva. Akapiga kigelegele. Majirani wakamsikia. Sasa lazima niwe.

Jumatano, 4 Juni

Pedali laini kama ugali mbichi. Kipkirui akasema kuna upepo ndani. Nikamuuliza uliingilia wapi, na boneti ilikuwa imefungwa. Alikuwa tayari chini ya gari, amekuta nati iliyolegea, anaikaza. Alidai ndiyo iliyokuwa ikivujisha. Bahati tu.

Kutoa upepo ni kazi ya wawili. Wa juu anakanyaga pedali na kuishikilia. Wa chini anafungua skrubu upepo utoke, anaifunga, ndipo wa juu aachie. Ukiachia mapema, upepo unarudi. Nilichukua kazi ya juu. Dereva hukaa kwenye kiti.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka simu ikalia. Namalwa. Alikuwa na mchungaji, na mchungaji alitaka kumwombea dereva. Mtu haombewi ameketi. Nikashuka, nikavua kofia, nikafumba macho. Maombi yalikuwa marefu, yaligusa hadi magurudumu. Niliposema amina, Kipkirui alikuwa ametoka chini, mafuta yakimchuruzika kwenye nyusi.

Akaniuliza, “Levis, mguu wako uko wapi?”

Nikamwambia uko mbele za Mungu.

Tukaanza upya.

Alhamisi, 5 Juni

Gia zimeingia! Zote, hata ile ya kurudi nyuma! Nimeendesha kutoka zizini hadi barabarani na kurudi, mkono mmoja dirishani. Mama Mbugua alipiga makofi mawili. Kwa mama yule, hiyo ni sherehe. Akasema mimi ndiye dereva wa Jumamosi, kwa kuwa mimi ndiye aliyemkuta kwenye kiti. Kipkirui alikuwa bombani, ananawa uso.

Baadaye alikuja akanusa kikopo. Akauliza nilimimina mafuta gani. Nikasema ya klachi. Akanusa tena.

“Haya ni ya trekta,” akasema kwa sauti ya chini. “Yanavimbisha vipira vya ndani. Mwambie Mama leo, tuoshe, tuweke vipya.”

Wivu. Mtu akikosa kiti huanza kunusa. Nikamwambia kipira kikivimba ndipo kinaziba vizuri zaidi. Akaenda zake.

Ijumaa, 6 Juni

Pedali imekuwa nzito. Pedali ya kiume. Kasoro ni moja tu: ikishuka, hairudi. Nikachukua blada, ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, nikaifunga kutoka kwenye pedali hadi chini ya usukani. Sasa inarudi yenyewe, tena kwa hasira. Imenipiga ugokoni. Sijui kwa nini waliotengeneza gari hawakuwaza jambo rahisi hivi.

Kipkirui aliomba ruhusa, akaenda Nakuru mjini. Amerudi na kifurushi na chupa. Sikuuliza. Nilikuwa napiga shati pasi.

Jumamosi, 7 Juni

Tulianza vizuri. Mimi kwenye usukani, Mama Mbugua kando yangu na kilemba kipya. Nyuma shangazi zake Mbugua, makreti ya soda, mbuzi, na Kipkirui akishikilia mbuzi. Mbugua alikuwa ametangulia na wenzake. Nakuru tukapita salama. Nikapungia mkono hata nisiowajua.

Tulipokaribia kwa kina Tabby, blada ikakatika. Pedali ikazama bila nguvu, haikurudi. Gari likabaki kwenye gia ya kwanza, na gia haitoki. Nikilizima, haliwaki tena. Basi sikulizima. Tukaenda.

Geti la wakwe lilikuwa limefungwa. Ndiyo desturi ya huku: wageni husimama nje, huimba, hubembeleza, ndipo hufunguliwa. Kina Mbugua walikuwa pale wakitusubiri. Mama akaniambia nisimame. Nikamwambia tupite kidogo, tuone mtaa. Shangazi walikuwa wameshaanza kuimba. Tukalipita geti wakiimba. Tukaendelea, wakaendelea, ila kwa mashaka.

Nikageuzia kanisani, tukarudi.

“Levis, simama.”

“Nasimama, Mama,” nikasema, na gari likasonga.

Nilipogusa breki likakoroma kama linataka kufa, nikaiachia. Nikaona afadhali niingie. Kina Mbugua wakaruka pembeni. Bampa likagusa geti polepole, kwa heshima kabisa, likalisukuma, likafunguka. Wimbo ulikuwa bado ubeti wa kwanza. Tukapita katikati ya wanawake waliokuwa wamejipanga kutukatalia, tukaenda hadi kwenye sukuma wiki. Hapo gari likazimika lenyewe.

Babu yake Tabby akaitazama mboga, akasema hajawahi kuona wakwe wenye haraka hivi. Wakakaa, wakashauriana, wakatutoza faini ya kondoo dume mnono kwa kuingia bila kuimba. Mama Mbugua hakunitazama hata kidogo. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Watu wakila, Kipkirui alilala chini ya gari na shati lake la sherehe. Kifurushi: vipira vipya. Chupa: mafuta ya breki. Akaosha, akabadilisha, akatoa upepo. Shangazi mmoja ndiye aliyemkanyagia pedali. Nilijitolea. Walikataa wote wawili.

Wakati wa kurudi Mama Mbugua alinyoosha mkono. Nikauwekea funguo. Akampa Kipkirui papo hapo.

“Panda nyuma, Levis,” akasema. “Kule hakuna pedali.”

Namalwa alipiga tukiwa njiani, akaniita Baba Mitchelle, kwa jina la mtoto wetu, kwa ile sauti ya kujivunia, akauliza mbona anasikia upepo mwingi. Nikamwambia nimepanda cheo. Sasa naendeshwa.

Jumapili, 8 Juni

Mgongo unauma. Kesho kuna magunia ya mbolea. Lakini Mungu hamtupi mja wake.

Baada ya ibada Mama Mbugua alilalamika kwamba trekta haiinui plau. Mafuta yake yamepungua, akaenda stoo, akakuta mtungi mtupu. Hajui nani aliyeumaliza. Watu wengine hawana adabu. Akauliza nani anaelewa trekta. Hakunitazama, lakini pia hakusema isiwe mimi.

Nikajitokeza.

Kiti cha trekta ni cha chuma, ila ni kiti. Na dawa ninayo. Kipkirui aliacha nusu ya chupa yake kwenye pikapu. Ni mafuta ya breki, ndiyo, lakini nimeona kwa macho yangu yakiponya klachi. Mafuta yasiyobagua! Kumbe siku zote kosa lilikuwa kusoma herufi.

Kipkirui amekwenda kukamua. Ngoja niwahi.