Kura ya Kuosha Ngazi

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Kariobangi.

Nimeosha ngazi tena. Ghorofa yetu ina nyumba sita. Kila Jumamosi asubuhi Gichuru wa namba mbili hutikisa kopo lenye vizibo sita vya soda, kila kimoja na namba ya mlango, kisha huchomoa kimoja. Namba ikitoka, nyumba hiyo inaosha. Mimi ni namba nne. Kopo linanipenda kuliko mama yangu.

Kabiru, keateka anayesimamia jengo, ametangaza kwamba landlodi atatoa namba sita, ile ya vyumba viwili, tupu tangu bibi kizee Mama Aluoch alipofariki mwezi wa tatu. Itaenda kwa mpangaji mwenye jina safi. Yaani Gichuru. Anyango wangu ana mimba ya miezi saba, na tunalala chumba kimoja na jiko. Namba sita lazima iwe yetu. Basi Gichuru lazima achafuke.

Jumapili, 7 Septemba.

Clare, binti wa dada yangu, anasomea takwimu chuoni. Baada ya kanisa nimempa chai na daftari la Kabiru la kura. Jumamosi arobaini na nane, nyumba sita: kila moja ilitarajiwa kutoka mara nane. Mimi nimetoka mara kumi na tano. Gichuru mara tatu. Mwizi mkubwa.

Clare akaniambia nitulie, akanifundisha kipimo cha kai-skwea. Unachukua hesabu iliyoonekana, unaondoa iliyotarajiwa, jibu unalizidisha kwa lenyewe, unagawanya kwa iliyotarajiwa. Kila nyumba hivyo hivyo, kisha unajumlisha. Ikipita 11.07, kuna mkono wa mtu koponi. Tukapata 10.75. Clare akasema hiyo bado inaweza kuwa bahati mbaya tu. Nimeumia.

Halafu akauliza namba sita imetokaje mara tano tangu mwenyewe azikwe, na nani aliosha. Nikamweleza kwamba namba ni ya mlango, si ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeitoa koponi. Na namba sita ikitoka, ngazi huwa zimeshaoshwa. Kila mtu hudhani ni jirani. Clare hakumaliza chai yake.

Jumanne, 9 Septemba.

Nimehamisha alama moja daftarini, kutoka kwa Gichuru kuja kwangu. Moja tu. Kai-skwea imeruka hadi 14. Sayansi ni tamu ukiisaidia kidogo.

Jumatano, 10 Septemba.

Nimempelekea Kabiru hesabu. Hakuelewa hata mstari, akaogopa, akampigia landlodi. Gichuru amenyang'anywa kopo, nimepewa mimi. Na namba sita ni yetu! Ajabu, Gichuru hakukasirika. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Wivu una sura nyingi.

Jumamosi, 13 Septemba.

Tumehama. Gichuru alitusaidia kubeba kitanda, akakitua kizingitini. Haingii, alisema. Anyango alipomuuliza sababu, akasema ana mgongo. Mgongo gani, na kitanda kakibeba?

Sakafu ilikuwa na maji. Kabiru anaapa bomba la humo limefungwa tangu mwezi wa tatu. Nimepiga deki.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Jumamosi tano mfululizo nimechomoa namba sita, kwa mkono wangu mwenyewe. Kila nikitoka na ndoo, nakuta ngazi zimeshaoshwa. Nilikuwa nafurahi, hadi leo Anyango aliponionyesha nyayo za maji. Zinapanda ngazi, zinaingia kwetu, hazitoki. Ni za miguu midogo, ya mwanamke mzee.

Nikapiga hesabu ya kai-skwea. Ishirini na tano! Nikampigia Clare. Akasema Jumamosi tano hazitoshi. Ili kipimo kiaminike, kila nyumba itarajiwe kutoka angalau mara tano, yaani tungoje Jumamosi thelathini. Akaongeza kwamba tuhame leo hii. Nimeshika lile la kwanza.

Anyango amesema mtoto wake hazaliwi humu. Akanisihi twende wote. Nikamjibu kwamba kitaalamu hakuna kilichothibitishwa. Alifunga nguo zake bila kunitazama.

Jumapili, 19 Oktoba.

Anyango yuko kwa dada yake, Mukuru kwa Njenga. Ametuma ujumbe: nikitaka kumwona mtoto, nirudishe funguo za namba sita. Nimesoma mara tatu. Moyo unaniuma, nakiri. Lakini mtu hachezei vyumba viwili, na Gichuru anangoja nishindwe.

Asubuhi nilipika chai, na kwa mazoea nikamimina vikombe viwili. Nilikunywa changu, nikaenda kuoga. Niliporudi, cha pili kilikuwa kitupu, na kiti cha Anyango kimelowa.

Nimekaa na kalamu, nimefikiri vizuri. Nyumba hii ilitarajiwa kuwa na watu wawili. Nimehesabu wawili. Tofauti ni sifuri, kai-skwea ni sifuri. Sijawahi kupata hesabu safi namna hii.