Gramu Ishirini na Saba

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo nimeamua. Kabla wiki hii haijaisha, baba mkwe ataniita mwanangu.

Miaka tisa nimemwoa binti yake, na miaka tisa mimi ni "huyu bwana". Hata nikiwa nimekaa mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana! Mwambieni huyu bwana chai yake inapoa. Muulizeni huyu bwana kama amemaliza kusoma gazeti. Ilhali mwanyumba wangu, fundi wa friji, aliyemwoa mdogo wa mke wangu juzijuzi tu, yeye ni mwanangu kuanzia mlangoni. Mwanangu, karibu. Mwanangu, mbona umekonda? Hajakonda hata kidogo. Shingo inamwagika juu ya kola.

Nafasi imekuja yenyewe. Jumamosi mzee anastaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya ukaguzi wa mizani. Amefikia kwetu tangu juzi kwa sababu ukumbi wa sherehe uko mtaa wa pili. Amekuja na boksi lenye viatu vyake vya ngozi vya kahawia, vile anavyovaa mara moja kwa mwaka, siku ya ukaguzi mkuu wa soko. Alipoingia kuoga nikavichungulia. Masikini! Vimepauka hadi ncha zimekuwa rangi ya majivu. Cha kushoto kina doa la mafuta kubwa kama kiganja cha mtoto. Mke wangu anasema ni kumbukumbu ya muuza mafuta mmoja aliyebambwa akipunja, akamwaga kopo zima kwa hasira.

Mwanyumba ameshatangaza kwa simu kwamba atamnunulia mzee viatu vipya. Vipya! Dukani hata mjinga anahudumiwa. Mimi nitafufua wafu.

Nimemweleza mke wangu mpango. Amenijibu neno moja: usiguse. Nimelitafakari neno hilo kwa uzito wote hadi saa kumi jioni. Kisha nimegusa.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Kulikuwa na tatizo dogo. Kila asubuhi mzee hulivuta boksi lile kutoka uvunguni, hulinyanyua kwa mkono mmoja, hulirudisha. Halifungui. Analisalimia tu, nadhani. Na huyu si mtu wa kumpelekea boksi tupu! Mke wangu ameniapia kwamba sokoni alikuwa akichukua mfuko wa sukari mkononi, anafumba macho, anasema umepungua gramu kumi na mbili. Unawekwa kwenye mizani: kumi na mbili. Wauzaji walikuwa wakimwona tu wanaanza kuongeza.

Nilimalizana na hilo jana jioni. Viatu viwili, kimoja kimoja, kwenye mizani ya jikoni: jumla gramu 783. Nikatia ndani ya boksi miche ya sabuni, kufuli bovu na kijiko kimoja. Gramu 783! Nilijipa mkono wa pongezi mwenyewe.

Asubuhi nikajiweka mlangoni na ufagio, roho mkononi. Mzee akavuta boksi. Akanyanyua. Akasita. Akatazama dari kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha yai. Akalirudisha. Kisha akamwita binti yake na kumwomba amwambie huyu bwana kwamba hapo alipofagia mara tatu pameshatakata.

Ushindi!

Nikaenda kwa fundi viatu wa pembeni mwa posta, mama mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bi Nta. Nilienda na kiatu kimoja ndani ya gazeti. Sijawahi kuona jambo kama lile. Alikinusa. Akakikunja kidogo karibu na sikio lake, akasikiliza. Akasema ni ngozi ya ndama, mwenyewe anakanyagia upande wa nje, na miaka mingi amesimama kuliko alivyotembea. Mkaguzi wa mizani hufanya nini kutwa kama si kusimama? Na mimi sikuwa nimemwambia chochote!

Akasema ngozi hii haijafa, ina kiu. Nioshe kwa kitambaa chenye unyevu tu, doa nilifunike na poda, kisha niinyweshe mafuta ya ngozi tone kwa tone na niiache ipumzike siku nzima. Nikamuuliza matone mangapi. Akasema ngozi yenyewe itaniambia. Nikacheka kwa heshima.

Mchana, mzee akiwa matembezini, nilianza kuosha kule nyuma penye karo la kufulia. Rangi kuukuu ikatoka nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Na chini yake, jamani, chini yake kuna ngozi! Vitundu vidogo vya vinyweleo, vyote vipo. Mikunjo pale vidole vilipopinda. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiitazama hadi miguu ikafa ganzi. Miaka yote nimevaa viatu bila kujua kwamba ninatembea juu ya kitu cha ajabu namna hii.

Nimesafisha hadi ndani. Ulimi wa kiatu cha kulia ulikuwa na uchafu wa wino, vistari vistari vya ovyo. Nimeusugua kwa spiriti ukawa mweupe pe! Cha kushoto sikukigusa ndani kwa kuwa doa lake lilikuwa tayari chini ya poda. Poda ni ya mke wangu. Nimetumia kopo lote.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Lahaula! Poda imekuwa ya manjano!

Mafuta yaliyolala katika ngozi ile miaka isiyojulikana yamepanda usiku, yenyewe, kimyakimya, yakaingia kwenye poda. Nimepangusa. Doa limebaki kivuli tu. Nilikimbia kumwita mke wangu aje ashuhudie. Alichoshuhudia ni kopo lake la poda. Sitaandika aliyoyasema.

Kisha mafuta ya ngozi. Tone moja. Nikainama karibu. Likakaa juu, likang'aa, halafu likazama. Nimeona kwa macho yangu kiatu kikinywa! Tone la pili, likazama. Pale palipokuwa na majivu pakaanza kuja rangi kama ya chai ya rangi, taratibu, kutoka ndani. Nywele zilinisimama. Ngozi ya mnyama aliyekufa kabla sijaota ndevu, na bado ina kiu!

Nikangoja iniambie imetosha. Haikusema. Kumi na tano, kimya. Ishirini, kimya. Nikaona huyu mgonjwa ni mwenye haya, nikaacha matone nikashika kijiko. Vijiko vinne kila mguu. Chupa ikaisha, nikaongezea mafuta ya kupikia. Kwani tofauti iko wapi?

Jioni viatu vimelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Vinapumzika.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Rangi siku nzima, kwa kitambaa kilichozungushwa kidoleni, duara ndogondogo. Bi Nta nilipompitia alisema nipake nyembamba mara nyingi. Nimepaka nene mara nyingi, kwa usalama zaidi. Vidole vyangu vimekuwa kahawia hadi kwenye vifundo na sabuni haifui dafu.

Mwanyumba amekuja na boksi lake lenye utepe. Meno yote nje. Mzee akavaa, akatembea hadi dirishani na kurudi. Vinalia! Kwii, kwii, kama panya wawili wanagombana. Nilijiziba mdomo kwa mto wa kiti. Hata hivyo mzee akasema ahsante, mwanangu. Mwanangu! Kwa panya wawili!

Mwanyumba akaviona vidole vyangu akaniuliza kwa sauti ya kusikika nimepatwa na nini. Nikasema nimemenya ndizi mbichi. Akauliza ngapi. Nikasema nyingi. Mzee akamwambia mke wangu kwamba huyu bwana apumzike na ndizi, kisha akaniangalia mikono kwa muda. Sikupenda alivyoiangalia.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Vimekamilika. Sina maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Niliviweka penye mwanga wa dirisha la jikoni. Kahawia yenye wekundu kwa mbali. Nilimwita mke wangu. Alikuja amekunja uso, tayari kwa msiba mwingine. Akasimama. Uso ukamkunjuka. Akasema hivyo ndivyo vilivyokuwa alipokuwa mdogo, alipokuwa akimsubiri baba yake mlangoni siku za ukaguzi na kuviona kabla hajaona uso wake. Akanishika bega. Nilidhani nitapaa.

Furaha hiyo ilidumu dakika kumi.

Nilikuwa nafunga kamba za kiatu cha kushoto. Nikainua ulimi. Vistari vya wino. Nikasogea dirishani. Si vistari. Ni namba! Ndogo kama sisimizi, mwandiko wa mzee, safu baada ya safu: 431, 430, 430, 428... Nikazihesabu. Thelathini na sita. Ya mwisho ni 394.

Naijua 394. Ndiyo namba niliyoiona kwenye mizani ya jikoni Jumatatu nilipokiweka kiatu hiki peke yake.

Amekuwa akikipima! Kila mwaka baada ya ukaguzi amekipima kiatu na kuandika ndani yake jinsi soko lilivyokila, gramu moja, gramu mbili. Maisha yake yote ya kazi yamo ndani ya ulimi wa kiatu. Nilikaa chini sakafuni. Nikakumbuka ulimi wa kiatu cha kulia, mweupe pe.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini namba si maji! Nimechukua kalamu yenye ncha nyembamba nikanakili zote thelathini na sita kutoka cha kushoto kwenda cha kulia. Viatu ni pacha, uzito wao utakuwa pacha. Mwandiko umetoka vizuri, isipokuwa saba zangu zimeinama kidogo.

Kwa tahadhari nimekipima cha kushoto tena. 421. Kimenenepa gramu ishirini na saba! Yale mafuta. Nikakikamua, hakikutoa kitu. Nimevirudisha kwenye boksi na kuwaombea dua wote watatu, viatu na mimi.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Lazima niandike kabla sijalala.

Asubuhi alinyanyua boksi. Akalifungua. Akavitazama viatu muda mrefu, akanitazama mimi, akavivaa. Viatu vya mwanyumba vikabaki na utepe wao.

Ukumbi ulijaa wakaguzi wenzake na wauzaji wa soko, pamoja na wale aliowahi kuwatoza faini. Ilipofika zamu ya hotuba, mzee hakutoa karatasi. Aliinama akavua viatu! Akasimama jukwaani na soksi, akasema hotuba yake ameiandika humo miaka thelathini na sita. Akasoma cha kushoto. Kila namba na mwaka wake, na kila mwaka na kisa chake: mawe ya mizani yaliyotobolewa, magunia yaliyotiwa mchanga.

Akachukua cha kulia. Akainua ulimi. Nikatafuta mlango, ulikuwa mbali, na mbele yake amekaa mama mnene na mikoba mitatu.

Akakifunika kile kiatu, akafumba macho, akaanza kusema. 428. 427. 425. Zote! Thelathini na sita, kutoka kichwani, bila kukwama, hadi 389. Hakuna hata moja iliyolingana, mwaka kwa mwaka, na nilizoandika. Nimesugua kwa spiriti kitu ambacho hakikuwa kwenye kiatu peke yake.

Akafumbua macho. Akasema miaka yote amewabamba wapunjaji sokoni, na leo mpunjaji ametoka ndani ya nyumba aliyolala. Kwanza amenyanyua sabuni siku nne akiambiwa ni viatu. Uzito sawa, lakini viatu havibingirii ndani ya boksi, wala havinuki sabuni. Pili, saba za mpunjaji zimelewa. Akakiweka kiatu cha kushoto kiganjani, akatazama juu. Kimezidi gramu ishirini na saba, akasema.

Ishirini na saba! Kwa mkono!

Kisha akasema, na nanukuu kwa sababu nitakufa na maneno haya: "Mwanangu, simama watu wakuone."

Mwanyumba akasimama. Kwa mazoea tu, anaweka tai sawa, tabasamu hadi masikioni.

"Siyo wewe. Yule mwenye vidole vya kahawia."

Nilisimama. Ukumbi ulicheka hadi madirisha yakatikisika. Mzee akangoja watulie. Akasema katika kazi yake yote, kila alichowahi kukinyanyua kilikuwa kimepungua. Sukari, unga, mafuta, hata viatu vyake mwenyewe. Hiki ndicho kitu cha kwanza maishani mwake kuzidi. Akatoa kalamu, akaandika chini ya 394: 421.

Nililia. Naandika waziwazi, nililia mbele ya watu na vidole vyangu vya kahawia usoni. Mke wangu alinipa leso, naye alikuwa anaihitaji.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mzee ameondoka leo asubuhi. Mlangoni alimkumbatia binti yake, akamwambia amwambie huyu bwana abaki salama.

Huyu bwana! Nilikuwa nimembebea begi!

Kwa hiyo mwanangu wa jana ilikuwa ya siku moja, na kazi lazima ianze upya. Bahati haijanitupa. Amesahau chini ya kitanda mkoba wake wa ngozi, ule wa kubebea mawe ya mizani, na atamtuma mtu kuuchukua Jumanne. Nimeufungua. Masikini! Umepauka, mshikio una madoa, na ndani ya mfuniko kuna uchafu wa penseli, vistari vya ovyo kutoka juu hadi chini.

Mke wangu amesema neno moja. Nalitafakari.

Spiriti ipo nusu chupa.