Kituo Kimeniharibia Mtoto Wangu wa Miaka Ishirini na Tisa

Ernesta Ndayikunda (Mama Careen),
Nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu,
Kibondo.
Jumatano.

Kwa Bi Ghati,
Afisa Ustawi wa Jamii,
Kibondo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KITUO CHA KUTWA TURI HAMWE (TUKO PAMOJA), NA OMBI LA KURUDISHIWA MTOTO KAMA ALIVYOKUWA

Ndugu Afisa,

Mwakeye, ndivyo tunavyoamkiana huku kwetu. Natumaini umeamka salama, na huko kwenu Mara wazee nao wameamka salama, na mvua imewanyeshea vizuri. Ningeuliza na habari za mifugo, lakini hii ni barua ya serikali, nafupisha.

Mimi ni yule mama wa kwenye kikao cha walezi, niliyekaa karibu na mlango nimekumbatia mkoba mwekundu. Mkoba haukuwa wangu, ulikuwa wa Careen. Elimu yangu ni darasa la nne, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe. Pale kituoni mmebandika tangazo kwamba mlezi mwenye malalamiko ayaandike, na ofisi itamjibu ndani ya siku kumi na nne. Nimelisoma mara tatu. Hakuna mahali limesema malalamiko yawe mafupi.

Careen ni mwanangu wa pekee. Akili yake inatembea polepole, ndivyo daktari alivyoniambia akiwa bado hajaanza kusimama, nami tangu siku hiyo nimetembea naye polepole. Kituo hiki cha watu wazima wenye ulemavu wa akili kilipofunguliwa kwa kibali chenu cha majaribio, mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni kumwandikisha. Nakiri. Nilidhani ni mahali pa kukaa kivulini, wanapewa uji, wanaimba kidogo, alasiri namchukua mtu wangu akiwa mzima. Sikuambiwa kwamba watamfundisha.

Sasa wameleta fomu ya mpango wake mpya. Inataka sahihi yake na sahihi yangu, na mwisho ni kesho kutwa Ijumaa. Nisiposaini, nafasi yake anapewa mwingine aliye kwenye orodha. Mimi sitasaini. Sababu ni hizi.

1. UJI. Siku ya kwanza tu, Zaitun, yule msimamizi, alimuuliza Careen: "Utakunywa chai au uji?" Bi Ghati, mimi sijawahi kumuuliza mtu swali hilo. Namkorogea uji wa ulezi kila asubuhi tangu aachishwe ziwa. Careen akajibu chai. Jioni nikamuuliza, mwanangu, kumbe uji huupendi? Akasema: "Siupendi, mama." Tangu lini? "Tangu zamani." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema: "Hukuniuliza." Miaka ishirini na tisa ya uji, Bi Ghati. Sasa wote umenikaa mimi tumboni kama mawe. Nani atanijibia hilo?

2. MLANGO. Wamemfundisha kufunga mlango akioga. Nyumba yangu, nimeikandika kwa mikono yangu, na sasa nasimama nje ya bafu na maji ya moto nikipiga hodi. Juzi niliingia bila kusubiri. Akaniambia: "Sijasema karibu." Nikatoka kinyumenyume kama mgeni aliyekosea nyumba.

3. KISU. Tangu Careen aanze kutembea, kisu cha kumenyea muhogo nakificha juu ya kabati, nyuma ya kopo la mafuta ya mawese. Hata wageni wangu hawajui. Dada yangu Dorcas wa Kasulu alikuja akakaa wiki nzima, alimenya muhogo kwa kisu alichoazima kwa jirani. Sasa huko kituoni wamemfundisha kutumia kisu. Careen akarudi nyumbani, akavuta kigoda, akapanda, akanyoosha mkono nyuma ya lile kopo bila hata kutafuta. Alijua. Alijua siku zote, na siku zote hakukigusa, kwa kuwa nilisema asiguse. Halafu akamenya muhogo, maganda membamba, marefu, akaangalia ya kwangu akasema natupa chakula pamoja na ganda. Na sasa kisu kimetundikwa kwenye msumari, kila mtu anakiona. Siri yangu ya miaka yote imekuwa pambo la ukuta.

4. KIPRIANI. Huyu ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, naye ni wa kituo hichohicho. Careen anamwekea karanga mfukoni. Nilimwita nyumbani nimchunguze. Akaja ameoga, akainama, akapiga makofi ya taratibu kama baba zetu walivyosalimia, akaniuliza habari za nyumba, za shamba, za kuku mmoja mmoja, akasubiri jibu la kila swali. Vijana wa siku hizi wanasema "mambo" wakiwa wamekupita. Nimemtafuta kosa mpaka leo sijalipata. Kukosa kosa nako nakuandikia kama kosa.

5. MCHANA WANGU. Kituo kinanichukulia mtoto saa mbili asubuhi na kunirudishia saa tisa alasiri. Katikati hapo mmeniachia nini? Wiki ya kwanza nilifagia uwanja mpaka ukawa na shimo. Nikaenda sokoni, muuza nyanya akaniuliza: "Careen yuko wapi?" Nikafungua mdomo nikamwambia yuko kazini. Ndiyo mara ya kwanza nimelisema neno hilo juu ya mwanangu. Nikaanza kulia pale pale juu ya nyanya za watu, na muuza nyanya naye akalia, tena yeye hajui kwa nini.

Baada ya hapo nikahamia dukani kwa Haidari, mkabala na geti la kituo. Nakaa nachungulia tu, simsumbui mtu. Haidari ni muungwana, alinipa kiti. Sasa wateja wake wakitaka kukikalia anawaambia: "Hapana, hicho ni cha Mama Careen." Lakini Zaitun alikuja akaniambia, kwa heshima sana, kwamba mwongozo wenu unasema mlezi asikae kituoni saa za kazi. Nikamwambia sijakaa kituoni, nimekaa dukani kwenye sukari. Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi nikaomba fomu ya kujiunga, nikajijaza mimi mwenyewe. Jina: Ernesta. Umri: hamsini na nane. Mahitaji maalumu: hawezi kukaa peke yake, akiachwa anatangatanga mjini, anahitaji kusimamiwa muda wote. Zaitun aliisoma mpaka mwisho akasema maelezo yamekamilika vizuri kuliko fomu zote alizowahi kupokea, lakini siwezi kupokelewa. Naomba ofisi yako iangalie ubaguzi huu.

6. SALAMU. Hili ni zito, tafadhali kaa vizuri. Mwezi uliopita walimjaribisha kurudi nyumbani peke yake. Zaitun aliandika kwenye karatasi dakika kumi na tano. Zaitun ni binti mzuri, lakini kwao ni pwani, na karatasi yake ilihesabu miguu, haikuhesabu mdomo. Careen nimemlea mimi. Nilimfundisha jambo moja tu la ulimwengu: mtu humpiti bila kumsalimia, na salamu si neno moja. Umeamkaje, watoto wameamkaje, mama yako hajambo, maharage yameota, yule mbuzi alizaa? Na jibu unalingoja.

Dakika kumi na tano zikapita. Thelathini zikapita. Zaitun akanipigia: "Mama Careen, amefika?" Nilitoka mbio na kandambili moja. Akina bodaboda wakaanza kutafuta, Haidari akafunga duka, mtu akasema ameonekana kwenye barabara kuu, mwingine akasema ni kwenye mto. Bi Ghati, siku hiyo nilizeeka. Tulimkuta kwa fundi cherehani, hatua mia moja kutoka kituoni. Alikuwa ameshamaliza fundi na watoto wa fundi, yuko kwa mama mkwe wa fundi, ambaye ana magonjwa mengi. Aliponiona nimeshika kifua akaniambia mbele za watu: "Mama, unakimbia bila kumsalimia bibi?"

Kituo kikaandika taarifa ya tukio. Ilisema: mteja alichelewa, hakupotea. Yaani hata kupotea kwake wamekukataa.

7. NA SASA HUO MPANGO. Wanataka Careen awe tarishi wa kituo. Kila Alhamisi achukue bahasha ya taarifa, avuke barabara kuu ya Nyakanazi, ailete mezani kwako, apigiwe mhuri, arudi. Peke yake. Walimuuliza anataka kazi gani, akachagua hiyo, kwa sababu, anasema, njiani kuna watu wengi. Barabara ile tangu iwekwe lami malori yanapita kama yamefukuzwa. Mimi mwenyewe navuka nikisali.

Nitakuambia neno ambalo sijamwambia hata Dorcas. Tangu Careen akiwa mdogo ninaomba sala moja kila siku. Naomba afe kabla yangu. Siku moja tu kabla, nimzike vizuri, kesho yake nami nifuate. Usinione mchawi, Bi Ghati mwanangu. Muulize mama yeyote wa pale kituoni, akiwa peke yake. Hatuogopi kufa, tunaogopa kesho yake, nani atajua anaogopa radi, nani atamfunga vifungo vya nyuma. Hiyo ndiyo sala yangu, nimeizoea, ina mpangilio. Sasa kituo kinakuja na chai na kisu na mhuri, kinaniharibia na sala. Juzi nimepiga magoti nikakuta sijui niombe nini. Vifungo vya nyuma anafunga mwenyewe, anatumia kioo.

Kwa hayo yote naomba ofisi yako ichague moja kati ya haya:

(a) Kituo kifungwe, Careen arudishwe kama alivyokuwa, na anywe uji.

(b) Kama hakifungwi, wafundishe vitu vya kukaa tu. Kushona, kuimba, kukunja nguo. Visiwe vitu vya kwenda.

(c) Kama yote hayawezekani, niandikishwe mimi.

Nisalimie wenzako wote hapo ofisini, yule kijana wa mhuri, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Wazazi wako ukiwapigia, waambie kuna mama wa Kibondo anawasalimia ingawa hawamjui, na kwamba binti yao anaongea vizuri na watu wazima. Jirani zangu wote wanakusalimia. Kuku hawajambo.

Ni mimi niliyeonewa,
Ernesta Ndayikunda.

Nyongeza, Alhamisi asubuhi.

Bi Ghati, barua nilikuwa nimeshaikunja natafuta bahasha. Careen akaniuliza ya nani. Nikasema ya Bi Ghati. Akasema: "Ofisini? Hiyo ni kazi yangu." Nikamwambia mvua itanyesha, akaleta mfuko wa nailoni. Nikamwambia ni mbali, akavaa viatu. Akaniuliza: "Ndani umeandika mambo yangu?" Nikasema ndiyo. "Mazuri?" Nikajifanya natafuta gundi, Bi Ghati.

Amesimama mlangoni na mkoba wake mwekundu begani, anasema namchelewesha. Ndani ya bahasha utaikuta fomu ya mpango. Sahihi kubwa ni yake, ile ndogo chini ni yangu. Malalamiko ya kwanza hadi ya saba usiyasome, na kama umeshayasoma, yasahau. Ila (c) bado nalisimamia.

Simfuati. Nimeahidi. Nimemdokezea Haidari tu kwa simu, na fundi cherehani, na akina bodaboda wa pande zote mbili za barabara. Kwa hiyo ukiwa unausoma mstari huu, jua kwamba amevuka, na anayekutazama hapo mbele ya meza ndiye.

Nakuomba jambo moja. Atakusalimia, na itachukua muda. Usimkatishe, hata kama kuna watu kwenye foleni. Akikuuliza wazazi, mjibu wazazi. Akikuuliza mbuzi, na huna, buni. Akimaliza, nawe muulize kama mama yake hajambo. Atakachosema kiandike hapo chini, piga mhuri, umpe aniletee. Siku kumi na nne siziwezi.