Jicho la Roboti ya Masjala

Kwa heshima na taadhima, ofisi yetu inautangazia umma kwamba roboti ya kubeba mafaili kutoka masjala sasa ina jicho. Jicho hilo lilichaguliwa na Kamati Maalumu ya Uoni wa Mashine, ambayo mimi nilikuwa katibu wake. Nilipewa ukatibu kwa sababu nimejifunza kamera mwenyewe, kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo ambavyo wenzangu huvitupa pamoja na maboksi.

Kamera zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, picha yake hafifu kama nakala ya nne ya karatasi ya kaboni, lakini ilionyesha jambo palepale lilipotokea. Ya pili ilionyesha hata uzi uliochomoka kwenye kola. Ila ilichelewa. Niliiambia, "Habari za asubuhi," nikanywa chai mafunda mawili, ndipo salamu yangu ikanirudia kwenye skrini, sura na sauti. Nikaandika: Sekunde sita. Kamera ina adabu. Hufikiri kabla ya kusema.

Majaribio yote tuliyafanya kamera ikiwa juu ya meza, maana hapo ndipo kamati hukaa.

Fundi aliyeiunda roboti, mama asiyepoteza maneno, aliingia na bisibisi mkononi.

"Katibu, roboti inatembea. Meza haitembei."

"Hoja imepokelewa, dada."

"Usiipokee tu. Nitaiendesha nikiwa nyuma ya pazia, macho kwenye skrini. Kwa hii ya pili, nikimwona mtu, ujue nimeshamgonga."

Moyoni nilijua anasema kweli. Lakini mimi si mtu wa kuhukumu haraka. Nikaiweka hoja yake kwenye ripoti, ukurasa wa thelathini na nane, mahali ambapo hata mimi sijawahi kufika nikiwa macho.

Mkurugenzi alipokuja, alitaka kujiona kwa kamera zote mbili. Kwenye ya kwanza alifanana na kaka yake mkubwa. Kwenye ya pili alijitazama sana.

"Hii inauona ukweli," alisema.

"Inauona, mkuu, ila baadaye," fundi akajibu.

"Sikiliza, fundi. Roboti ikimgusa mtu siku ya uzinduzi, ufungashe vifaa vyako. Nimeeleweka?"

Niliandika kwamba ameeleweka, na kwamba kamera ya pili imepita.

Siku ya uzinduzi wageni walijaa ukumbini, skrini kubwa ikiwa ukutani kuwaonyesha kile jicho la roboti linachokiona. Nyuma ya pazia, fundi aliisogeza roboti polepole, kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Hiyo ni roboti au kobe?" Mkurugenzi aliuliza. "Ongeza mwendo."

Fundi akaongeza. Mkurugenzi akapiga hatua, akasimama katikati ya njia, akawafungulia wageni mikono.

"Kamera hii nimeichagua mimi mwenyewe."

Kwenye skrini njia ilikuwa tupu. Roboti ikamkuta kwenye ugoko. Akaenda chini, mafaili yakamfuata.

"Nani aliichagua kamera hii?" akanguruma kutoka sakafuni.

Fundi alitokeza nyuma ya pazia, kisanduku cha vifaa tayari mkononi. Hapo ndipo skrini ikamfikia Mkurugenzi: wima, mikono wazi, nadhifu hadi uzi wa kola. Ukuta ukajibu kwa sauti yake:

"Kamera hii nimeichagua mimi mwenyewe."

Fundi akakiweka kisanduku chini.

Nikaandika: Swali limejibiwa. Katika utumishi wangu wote, hilo ndilo jambo la kwanza kuliandika kwa wakati wake.