Mama Mkwe Apaa Angani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Shemeji amepita kunywa chai na kunionyesha ndege yake kwenye simu. Si ndege ya kweli. Ni ya ile programu ya kompyuta tunayorushia ndege tukiwa tumekaa vitini. Inang'aa hadi misumari ya bawa inahesabika! Ya kwangu inafanana na kipande cha sabuni kilicholowa. Jumamosi chama chetu cha marubani wa vitini kinachagua Rubani Mkuu. Cheo hicho nimekishika miaka mitatu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka. Sasa Shemeji anakitaka. Kaka wa mke wangu! Nimechemka, lakini nimemwongezea chai.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimepata dawa yake. Kuna programu ndogo inayopanga picha zote za kuvalisha ndege, ardhi na majengo, yenyewe inaziita ngozi. Unachagua picha, inabandika. Maelekezo yake kurasa arobaini. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nafundisha watu, sifundishwi. Imeniuliza picha ziko kwenye folda gani. Kulikuwa na folda tatu zinazoitwa Picha. Nimechagua iliyonona kuliko zote. Ikauliza ibadilishe majina ya faili? Ndiyo. Ihamishe kila kitu? Ndiyo. Nina uhakika? Swali gani hilo! Mke wangu akauliza kutoka kwenye cherehani kama nagusa vitu vyake. Nikamjibu kwamba niko kwenye mambo ya anga.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Nimewasha injini. Njia ya kurukia ndege imekuwa lesi nyeupe, yenye maua. Mnara wa kuongozea ndege umevaa shela. Nikatazama ndege yangu kwa nje. Mama mkwe! Amejilaza kuanzia puani hadi mkiani, na gauni lake la zambarau aliloshonewa na mke wangu, mikono imenyooka juu ya mabawa. Lazima nikiri anaruka vizuri, hayumbi hata kwenye upepo.
Ndipo nikaelewa. Mke wangu ni fundi wa magauni ya harusi, na folda ile nono ni kazi yake ya miaka sita. Sasa iko tupu. Magauni yote yanaitwa ngozi_0001 hadi ngozi_2316, na yamebandikwa uwanjani kote. Ijumaa bibi harusi anakuja kuchagua lake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Nimemwambia mke wangu kompyuta imechoka, ipumzishwe siku tatu. Kwa usalama nikachomoa waya wa umeme na kuuficha kwenye gari la mafunzo. Mpango safi. Mwanafunzi wangu wa asubuhi alipopiga breki, waya ukamwangukia miguuni, akadhani nyoka. Tuliegesha ndani ya bustani ya maua ya mtu.
Niliporudi nikakuta mke wangu amemwita Shemeji. Alikuja na waya wake. Akawasha, akamwona mama yake mzazi ana magurudumu, akacheka mpaka akakalia kimto cha kuchomekea pini. Hapo nilifarijika kidogo.
Mke wangu hakucheka. Alikata uzi kwa meno, akanitazama.
"Mume wangu, bibi harusi anakuja kesho. Utamchorea magauni kwa mkono, au utampandisha ndege akayatazame?"
Nimelala na wazo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Bibi harusi alifika na mama yake. Nikawaketisha mbele ya kompyuta, nikawataka wafunge mikanda. Hawakucheka. Tukapaa. Magauni kumi na manne kwenye ghala la mizigo, mengine juu ya paa, moja refu mno likafunika mlima. Bibi harusi akasema hajawahi kuona shanga vizuri hivyo. Nikapinda kushoto ili aone mgongo wa gauni. Mama yake akatapika kwenye kapu la vitambaa. Lakini binti amechagua lile la mlimani! Mke wangu amepata kazi. Nikangoja shukrani. Nikapewa kapu nilioshe.
Jioni Shemeji akarudisha picha zote kwa dakika ishirini. Anadai kuna kitufe cha Rudisha, ukurasa wa pili. Anasoma maelekezo, maskini.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Uchaguzi. Shemeji kura kumi na moja, mimi moja. Ninamjua aliyenipigia, tunanyoa ndevu pamoja. Nimepewa wadhifa wa kupanga viti. Mama mkwe amepiga simu, habari zimemfikia. Nilijiandaa kutukanwa. Kumbe anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni, ila mabawa yapunguzwe, yanamnenepesha mikono.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Amani imerejea. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitagusa kazi zake tena, naye ameenda kumpima bibi harusi. Nimekaa tu, nikatazama kompyuta. Programu yangu inasema ndege zitang'aa zaidi nikiondoa vitu visivyotumika. Hilo ni jambo la usafi, si la kugusa kazi ya mtu. Nimepekua kwa makini. Kuna programu moja kubwa ajabu, ina alama ya mkasi na futi ya kupimia. Imekaa humu miaka, na mimi sijaitumia hata siku moja. Nimeifuta. Kompyuta sasa nyepesi kama unyoya. Nasikia mlango, acha nikampe mke wangu habari njema.